Injini ya Lori Inapogonga, Kulia au Kupiga Mluzi: Namna ya Kufuatilia Chanzo

Injini ya dizeli ya lori haiwi kimya hata ikiwa nzima, na dereva aliyeizoea huutambua mlio mgeni kabla ya fundi yeyote. Ugumu huanza pale anapotakiwa kuueleza. Neno "inagonga" hutumika kwa tapeti (kifaa kinachosukuma valvu) iliyolegea, kwa nozeli (kinachopulizia dizeli ndani ya silinda) iliyoharibika, kwa kompresa ya upepo iliyochoka na kwa metali ya kranki, yaani bearingi laini ambamo mhimili mkuu wa injini huzunguka, iliyokwisha, ilhali tapeti hurekebishwa kwa saa chache na metali inaweza kudai injini nzima ifunguliwe. Kwa sababu hiyo ni vyema kuanza na mazingira ambamo mlio hutokea, kwa kuwa kile kinachoubadilisha mlio hueleza chanzo chake kwa uhakika zaidi kuliko jina tunaloupa.

Dereva aulizwe mambo machache, na majibu yake yaandikwe. Je, mlio husikika injini ikiwa ya baridi tu, ikiwa ya moto tu, au wakati wote? Je, huongezeka lori linapopanda mlima na mzigo, au hufuata kasi ya injini tu bila kujali mzigo? Je, hubadilika anapokanyaga klachi? Je, huja na kuondoka kadiri matangi ya upepo yanavyojaa? Swali ambalo husahaulika mara nyingi ni kama mlio ulianza baada ya kazi fulani kufanyika, kwa mfano kumwaga oili, kubadilisha mkanda au kujaza dizeli mahali pasipo pa kawaida. Mlio ulioanza siku moja na kazi hiyo una haki ya kuchunguzwa hapo kwanza.

Kwanza oili

Injini inayogonga huku taa ya oili ikiwaka, au mshale wa presha ukiwa umeanguka, izimwe papo hapo, lori likokotwe, na mtu asiiwashe tena eti asikilize kidogo. Muda mfupi sana wa kuzunguka bila oili unatosha kuikwaruza kranki ambayo ingeokolewa kwa kubadilishiwa metali peke yake.

Kama presha ipo, lori liegeshwe mahali tambarare, lizimwe, na oili iachwe dakika kadhaa ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kabla ya kuchomoa kijiti cha kupimia. Oili iliyopungua huwafanya watu wengi waongeze na kuondoka, lakini iliyozidi alama ya juu nayo si salama: kranki huipiga na kuitia povu, na oili yenye hewa haiwezi kubeba uzito wa metali inavyopasa. Hali inayohitaji tahadhari kubwa zaidi ni pale kipimo kinapopanda bila mtu kuongeza kitu. Hapo kuna dizeli au maji yanayoingia. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi kidoleni na harufu yake haijifichi. Iliyochanganyika na maji hupoteza rangi, ikawa nyeupe na yenye ute. Katika hali zote mbili kugonga kunakosikika kunaweza kuwa ni matokeo, na kuweka metali mpya bila kuziba uvujaji huo ni kuipa injini wiki chache tu.

Presha yenyewe ni bora ipimwe kwa geji ya kufunga kwenye injini, kwa kuwa kihisio na mshale wa dashibodi huweza kudanganya kwa pande zote mbili. Mafundi wengi hutumia kanuni ya kukadiria psi 10, yaani takriban bar 0.7, kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, oili ikiwa ya moto. Kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho.

Kuyasikiliza mapigo

Katika injini ya mipigo minne, kranki huzunguka mara mbili kila kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, inapozunguka mara moja. Injini inayozunguka mara 600 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta ina kranki inayozunguka mara 10 kwa sekunde na kemshafti inayozunguka mara 5. Tofauti hiyo husikika. Mapigo 5 kwa sekunde yanaweza kufuatwa kwa kidole ukigonga juu ya bamba la chuma. Mapigo 10 huenda kasi mno na kidole hushindwa. Mlio wa polepole huelekeza kwenye valvu, tapeti, kemshafti, au kwenye silinda moja inayochoma mafuta vibaya, maana kila silinda huchoma mara moja kwa mizunguko miwili ya kranki. Mlio wa haraka kwa kawaida huelekeza chini, kwenye kranki na vitu vinavyozunguka nayo. Mlio usiofuata mapigo yoyote, bali unaolia mfululizo, ni wa bearingi, mkanda, gia au hewa.

Mahali mlio unapotokea hutafutwa kwa stethoskopu ya fundi au bisibisi ndefu ambayo ncha yake hugusishwa kwenye injini na mpini wake kuwekwa sikioni. Ncha isogezwe kidogo kidogo, kutoka kifuniko cha valvu hadi ubavuni mwa bloku, kisha chini kwenye sampu. Chuma husafirisha sauti mbali, kwa hiyo kinacholinganishwa ni ukali wake kati ya sehemu mbili zilizo karibu. Kusikika tu hakuthibitishi lolote. Kabla ya kufanya hivyo magurudumu yawekewe vizuizi, gia iwe huru, kichwa cha lori kikiinuliwa kifungwe kwa kizuizi chake, na mikono ya nguo ikunjwe mbali na feni na mikanda.

Vitu vilivyofungwa nje ya injini

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu inauma kuona injini ikishushwa na kufunguliwa, kisha mlio uleule kurudi siku ya kuwashwa kwa kuwa ulikuwa wa alteneta. Kila kilichofungwa nje kiondolewe kwenye shaka kabla ya kugusa ndani.

Mkanda unaolia hujaribiwa kwa maji. Ukinyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji na mlio ukatoweka kwa muda mfupi, puli hazijapangika katika mstari mmoja au mkanda umechakaa. Mlio ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Kama kinachosikika ni kukwaruza au kunguruma kwa bearingi, vua mkanda kabisa na uwashe injini kwa muda usiozidi dakika moja, ukikumbuka kwamba katika injini nyingi pampu ya maji huendeshwa na mkanda huohuo. Mlio ukiwa umekwisha, zima injini, kisha zungusha kwa mkono puli moja moja: ya alteneta, ya pampu ya maji, ya feni na ya kikaza mkanda. Bearingi mbovu huhisika mkononi kama imetiwa mchanga, na pampu ya maji iliyochoka mara nyingi huacha alama ya maji yaliyokauka chini ya tundu lake dogo la kutolea.

Kompresa ya upepo ndiyo huwapotosha watu zaidi, kwa kuwa katika malori mengi huendeshwa na gia za injini na kugonga kwake husafiri moja kwa moja hadi kwenye bloku. Lori likiwa limezuiwa magurudumu, acha matangi yajae hadi kompresa iache kupakia, yaani iache kusukuma upepo matangini, jambo linalotokea kwenye presha ya bar 8 hadi 9 hivi katika mifumo mingi, na usikilize. Kisha kanyaga breki mara kadhaa mpaka presha ishuke na kompresa ianze kujaza tena. Mlio unaobadilika waziwazi katika nyakati hizo mbili ni wa kompresa au gia yake. Bomba la kutolea upepo lichunguzwe pia, kwani likizibwa na masizi kompresa hufanya kazi ikibanwa na huchakaa upesi.

Kuna sauti zisizo za ubovu ambazo dereva mpya huweza kuziogopa: ngurumo ya ghafla ya feni inaposhika injini ikipata joto, mlipuko wa upepo wa kikausha hewa, na mngurumo mkali wa breki ya injini kwenye mteremko. Hizo ziachwe.

Kugongagonga kwepesi kwa juu

Mlio mwepesi na mkavu unaotoka chini ya kifuniko cha valvu, unaokwenda kwa nusu ya kasi ya kranki na usiojali mzigo, kwa kawaida ni wa tapeti yenye nafasi kubwa kupita kiasi. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), katika injini nyingi ikiwa ya baridi, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kibati cha injini au kitabu chake, na mara nyingi valvu ya ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingizia hewa kwa sababu hupata joto zaidi. Yafaa kujizuia na tamaa ya kuibana tapeti mpaka inyamaze. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, hupitisha moto, na huungua kimyakimya; tapeti inayosikika kidogo ni afadhali mara nyingi kuliko hiyo. Iwapo tapeti ileile inahitaji kurekebishwa tena na tena, kuna kinacholika, na kemshafti, rola na fito za kusukuma zikaguliwe.

Mlio unaofanana sana na huo hutoka kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda. Moshi hupenya penye ufa kila silinda inapoutoa, na husikika kama tapeti. Ila mlio huo huwa mkali zaidi injini ikiwa ya baridi, hupungua chuma kinapopanuka kwa joto, na huongezeka injini inapovuta mzigo. Mstari mweusi wa masizi penye kiungo humaliza ubishi. Ukaguzi huo ufanywe kwa macho, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kugonga kwa mafuta au kugonga kwa chuma

Hapa ndipo uamuzi mkubwa hufanyika, na ndipo haraka hugharimu zaidi. Dizeli ikichelewa kuwaka ndani ya silinda kisha ikawaka yote kwa mpigo mmoja, presha hupanda ghafla na sauti yake ni ya nyundo. Injini ya baridi hufanya hivyo kwa dakika chache na hutulia. Ikiendelea kufanya hivyo ikiwa ya moto, sababu zinazopaswa kufikiriwa ni nozeli inayodondosha badala ya kupulizia, hewa iliyoingia kwenye mafuta, dizeli duni, au pampu iliyopangwa ipeleke mafuta mapema mno. Moshi huchangia ushahidi: mweusi huonyesha mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua, mweupe kwenye injini ya moto huonyesha mafuta yasiyowaka au maji, na wa bluu ni oili inayoungua.

Kugonga kwa metali ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) kunaweza kufanana na huko kiasi cha kumchanganya fundi mzoefu. Njia ya kuvitenganisha ni kuizima silinda moja baada ya nyingine. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mafuta na mabomba marefu ya chuma, nati ya bomba la nozeli hulegezwa nusu mzunguko huku kitambaa kikiwa kimeizunguka, injini ikizunguka polepole. Silinda hiyo huacha kuwaka na injini huyumba kidogo. Sikiliza, kaza nati, hamia silinda inayofuata.

Jambo hilo lisijaribiwe kabisa kwenye injini ya mfumo wa reli ya pamoja (common rail), ambamo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa. Presha ndani ya mabomba yake huweza kuzidi bar 2,000, na uzi mwembamba wa dizeli unaotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini bila maumivu makubwa mwanzoni. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo lakini ni dharura ya upasuaji, na aliyelipata apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Injini hizo, pamoja na zile ambazo kila silinda ina kitengo chake cha kupulizia kinachosukumwa na kemshafti na kuongozwa na kompyuta, huzimwa silinda moja moja kwa kifaa cha uchunguzi cha kompyuta.

Matokeo yasomwe kwa utulivu. Kugonga kukiwa hakubadiliki silinda yoyote inapozimwa, chanzo hakihusiani na kuwaka kwa mafuta. Rudi kwenye gia, kompresa, metali kuu na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki). Kukitoweka kabisa kwa silinda moja, nozeli ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kukipungua tu au kubadilika sauti, metali ya konrodi au pini ya pistoni ya silinda hiyo huingia kwenye shaka, kwa sababu mzigo uliokuwa ukiigandamiza umeondolewa. Bado huo si ushahidi kamili. Hamisha nozeli ya silinda hiyo uiweke kwenye ya jirani, na ya jirani uilete hapo. Mlio ukihama pamoja na nozeli, injini haina haja ya kufunguliwa. Ukibaki pale pale, sasa kuna sababu ya kutazama chini. Kwenye injini za kompyuta kila nozeli huweza kuwa na namba yake ya urekebishaji, nayo lazima iingizwe upya baada ya kuhamishwa, la sivyo jaribio lenyewe litazaa mlio mwingine.

Pistoni iliyopata nafasi kubwa ndani ya silinda nayo hugonga, hasa asubuhi, na hutulia inapopanuka. Injini ya namna hiyo ikiwa hainywi oili na haitoi moshi wa bluu inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikifuatiliwa.

Chini ya injini

Metali kuu za kranki zilizolika hutoa mdundo mzito unaosikika zaidi injini inapovuta mzigo, na mara nyingi presha ya oili huwa imeanza kushuka ikiwa ya moto. Metali ya konrodi hutoa sauti kali zaidi, na hujitokeza mguu unapoachia mafuta ghafla kutoka mwendo wa kati. Jaribio hilo lifanywe mara moja tu, na lisifanywe kabisa pale presha inapokuwa chini.

Shahidi mzuri ni filta ya oili iliyokuwa kwenye injini. Ikatwe kwa kikata filta chenye kisu cha kuzunguka. Msumeno haufai, maana hutia vumbi lake la chuma na kuharibu ushahidi. Karatasi ya ndani itandazwe, ikamuliwe oili, kisha itazamwe chini ya mwanga mkali huku ikisogezwa. Chembe zinazonatwa na sumaku ni za chuma, zikitoka kwenye gia, ringi, silinda au kemshafti. Chembe laini za rangi ya fedha zisizonatwa hutoka kwenye uso wa metali au kwenye pistoni za aluminiamu. Zinapoonekana za rangi ya shaba, uso wa metali umekwisha na kinacholika ni tabaka la chini yake, au bushi za pini za pistoni, au bearingi za turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini). Vumbi hafifu lipo karibu katika kila filta. Vipande vinavyoonekana wazi kwa macho na kung'aa ndivyo vinavyoamua.

Katika malori mengi sampu inaweza kufunguliwa na kofia za konrodi kushushwa moja moja injini ikiwa bado mahali pake. Ukaguzi huo wa nusu siku uje kabla ya uamuzi wa kushusha injini. Kama uso wa kranki haujakwaruzwa na vipimo vyake kwa maikromita viko ndani ya mipaka, metali mpya zinatosha, mradi tu kilichozinyima oili kimepatikana: chujio la kunyonyea lililoziba, pampu iliyolika, au valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi. Kranki iliyokwaruzwa lazima isagwe kwa kipimo cha metali kubwa zaidi au ibadilishwe. Kuivalisha metali mpya hivyo hivyo ni kuhakikisha kwamba injini itanoki tena.

Mbele ya kranki kuna kipunguza mtikisiko. Kikilegea au kikifa, injini hunguruma na kutetemeka kwenye kasi fulani tu, na kupuuzwa kwake kunaweza kukata kranki.

Turbo

Mluzi mwembamba unaopanda na kasi ni wa kawaida kwa turbo. Ukiambatana na kupungua kwa nguvu na moshi mweusi, kagua kwanza mipira na klampu kati ya turbo na manifoldi ya hewa, pamoja na kipoza hewa, kwani ufa mdogo hufumbuka tu presha inapopanda na hujificha injini isipovuta mzigo. Sauti ya king'ora au ya kukwaruza ni ya shafti yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa mpira wa hewa na uishike shafti: mchezo mdogo wa kushoto na kulia unaruhusiwa kwa kuwa huelea juu ya oili, wa mbele na nyuma haupaswi karibu kuhisika, na mapanga yasiguse nyumba yake. Shafti hii huweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo panga lililoanza kugusa halisubiri safari nyingine. Na sili yake inayozuia oili ikikatika, injini inaweza kunywa oili yake yenyewe, ikapanda kasi na kukataa kuzimwa kwa ufunguo.

Klachi

Mlio unaokuja ukikanyaga pedali ni wa bearingi ya klachi. Unaoondoka ukikanyaga ni wa bearingi za shafti ya kuingilia giaboksi. Mdundo mzito unaobadilika ukikanyaga unaweza kuwa ni wa kranki inayosogea mbele na nyuma kwa kuwa washa zake, yaani bamba nyembamba za kuzuia msogeo huo, zimelika, au wa bolti za flaiwili zilizolegea.

Matengenezo ya ndani yakikamilika, injini izungushwe kwa stata bila kupewa mafuta mpaka geji ya presha ipande, ndipo iwashwe. Isikilizwe katika mazingira yaleyale aliyoyataja dereva mwanzoni, iwe ni asubuhi kwa baridi au mlimani na mzigo, kwa kuwa ukimya wa injini iliyosimama gereji haujibu lalamiko la injini inayopanda. Filta mpya itolewe mapema kuliko kawaida, ikatwe, na karatasi yake ilinganishwe na ile ya kwanza.